Mama Sponji na Mlango wa Moyo

Mama Sponji alianguka asubuhi kweupe, katikati ya karakana yake, mkono mmoja bado umeng'ang'ania ngozi ya kochi. Alikuwa akiivuta ngozi ile ipite kwenye kona ya fremu, kazi aliyoizoea tangu usichana wake. Akavuta mara ya kwanza, akavuta tena, macho yakaingia giza. Alipozinduka alijikuta amelala juu ya mabaki ya sponji, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, amepiga magoti pembeni akimpepea kwa kipande cha kadibodi.

"Nimeteleza," alisema kabla hajaulizwa.

"Umeteleza umesimama?" shemeji akamjibu. "Sakafu hii haina hata tone la maji, shemeji."

"Basi nimejikwaa."

"Kwenye nini? Kwenye hewa?"

Mama Sponji alikaa kitako, akakung'uta nywele, akamwambia aache maneno mengi amletee nyundo. Lakini nyundo ilipokuja hakuishika. Alibaki amekaa palepale, anahema kama mtu aliyepandisha kilima na gunia mgongoni, huku mkono wake umebana kifua kwa namna ambayo shemeji hakuipenda hata kidogo.

Mtaa mzima ulimwita Mama Sponji kwa sababu hakuwahi kutupa mabaki. Kila kipande kilichobaki kwenye meza ya kukatia alimpa jirani akajazie mto, au kiti cha baiskeli, au godoro la mtoto. Ufundi wa makochi aliurithi kwa baba yake, ambaye kwanza alimfukuza karakanani, kisha akamvumilia, na mwishowe akawa anamwita kila mteja mkorofi alipotokea. Alikuwa na jicho la kazi. Aligusa kochi kwa kiganja tu, akakwambia springi ipi imekufa na ipi inajifanya mgonjwa.

Na alikuwa kichwa ngumu. Hilo halikufichika kwa mtu. Shinikizo la damu lilimtembelea mapema, likakaa mwilini mwake miaka mingi kimyakimya, na lilipojitangaza lilikuwa limeshazimaliza figo zote mbili. Tangu hapo akawa mtu wa mashine. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali, akalala kwenye kiti kirefu, akachomwa sindano mbili nene kwenye mshipa wa mkono wa kushoto, ule uliounganishwa na kukuzwa na daktari mpaka ukawa unavuma ukiugusa, na mashine ikamsafishia damu mpaka jioni. Kwake ile ilikuwa ajira ya pili. Alisema, "Leo niko zamu," akachukua mkoba wake na kuondoka.

Miaka ikapita hivyo. Wenzake kwenye viti vya jirani walikuja, wengine wakaondoka wasirudi, yeye akabaki. Hata viti vyenyewe alivirekebisha. Ngozi ya viti ilikuwa imechanika na kuwaparua wagonjwa mgongoni, basi akamwandama muuguzi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru ambaye wagonjwa walimwita Kamanda, mpaka akaruhusiwa kuvichukua kimojakimoja karakanani na kuvivisha upya. Kamanda alijifanya kukasirika. Ila siku kiti cha kwanza kiliporudi, yeye ndiye aliyekilalia kabla ya mgonjwa yeyote.

Sasa Kamanda huyo alikuwa na wasiwasi naye. Miezi ya karibuni, kila Mama Sponji alipounganishwa na mashine, presha yake iliporomoka kabla damu haijamaliza kusafishwa. Jasho lilimtoka, midomo ikapauka, na ikabidi mashine isimamishwe mapema. Damu ikabaki na uchafu, maji yakabaki mwilini, miguu ikavimba. Siku chache baada ya ile asubuhi ya kuanguka, shemeji alimsindikiza mpaka ndani ya wodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema mbele ya Kamanda bila kumeza maneno, "Huyu juzi alizimia. Atakwambia aliteleza."

Mama Sponji alimtupia shemeji jicho ambalo lingeweza kutoboa turubai.

Kamanda hakugombana na mtu. Alimwita daktari, daktari akaweka kipimo chake kifuani pa Mama Sponji, akasikiliza, akasogeza kidogo, akasikiliza tena muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaandika apelekwe kwa daktari wa moyo.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa bintiye, mpole wa sauti lakini si mtu wa kuzungukazunguka. Alimlaza ubavu, akampaka kitu cha baridi kifuani, akapitisha kifaa huku na huku akitazama kioo. Mumewe Mama Sponji, dereva wa basi la shule, mtu mkimya sana ambaye siku hiyo aliomba ruhusa kazini, alikaa kwenye stuli kona ya chumba, kofia mapajani.

"Njoo na wewe uone, baba," daktari alimwambia. Akageuza kioo. "Moyo una milango. Inafunguka damu ipite, inafungika isirudi. Huu hapa ndio mlango mkubwa wa kutokea, damu yote ya mwili inapita hapa. Unaonaje?"

Dereva alitazama. "Hautembei."

"Unatembea, ila kwa taabu. Ulitakiwa uwe laini kama ngozi ya glavu. Umegeuka mgumu. Hayo meupe yanayong'aa ni chokaa, kama ile inayoshika ndani ya birika."

Mama Sponji aliuliza chokaa imeingiaje kifuani mwake wakati yeye hali ukuta.

Daktari alicheka, kisha akaeleza. Figo zikifa, kuna vitu kwenye chakula ambavyo hazivitoi tena mwilini, na kimojawapo kinaitwa fosfeti. Mashine inatoa kiasi, haitoi yote. Inayobaki inazunguka kwenye damu miaka nenda rudi, inakutana na kalsiamu, na hatimaye vinaganda mahali pasipostahili: kwenye kuta za mishipa, kwenye milango ya moyo. Kwa watu wenye figo nzima mlango hukakamaa uzeeni. Kwa watu wa mashine haungoji uzee.

"Ndiyo maana unazimia ukivuta ngozi," alimalizia. "Misuli inadai damu, mlango haufunguki vya kutosha, kichwa kinakosa. Na ndiyo maana mashine inakushinda."

"Mashine hainishindi," Mama Sponji alisema. "Nipe dawa."

"Dawa ya kuulainisha haipo, mama. Ingekuwepo ningekupa leo."

Dereva alizungusha kofia yake mapajani kama usukani.

"Sasa nini kipo?"

"Kuutoa na kuweka mwingine. Au kuuacha."

"Nikiuacha?"

Daktari alimtazama mumewe kwanza, kama anayeomba ruhusa. Mama Sponji akagonga ukingo wa kitanda kwa kidole. "Mimi ndiye mgonjwa. Nitazame mimi."

"Ukiuacha, sioni miaka miwili," daktari alisema. "Ukifanyiwa upasuaji, watu wenye figo kama zako wana hatari kuliko wengine. Kati ya kumi, mmoja anaweza asitoke. Kuna njia nyepesi ya kupitisha mlango mpya kwenye mshipa wa paja, lakini vipimo vyako vya nyuma vinaonyesha mishipa ya mapaja nayo imejaa chokaa, haipitiki. Ni kufungua kifua. Na si kesho. Mwili wako haujawa tayari."

Dereva aliendesha mpaka mlangoni kwao. Hapo akazima gari, akasema, "Mimi nitasema utakachosema." Mama Sponji aliingia ndani, akalala na viatu vyake, na siku nzima iliyofuata hakwenda karakanani. Alikuwa na hofu. Watu waliomjua hawakuamini baadaye, lakini alikuwa nayo. Alilala akiutegea moyo wake masikio kama anayesikiliza mwizi nyuma ya dirisha.

Siku ya pili akaamka, akaoga, akamwita binti yake aliyekuwa bado hajaolewa.

"Daktari anasema mwili hauko tayari. Basi tuutayarishe."

Kilichofuata kilikuwa miezi ya kujinyima na kujisukuma, na hakuna aliyeifurahia, pamoja na yeye mwenyewe. Vile vidonge vikubwa vya kukamata fosfeti, ambavyo zamani alivimeza akikumbuka, sasa vilikaa mezani kama chumvi. Vilitakiwa vimezwe katikati ya chakula, si kabla wala si baada, na binti yake alisimama nyuma ya kiti kama askari. Soda nyeusi ikapigwa marufuku. Maziwa yakawa ya kijiko. Nyama za makopo, jibini, karanga alizozipenda kufa, vyote vikaaga. Mama Sponji alilalamika kwamba chakula chake sasa kina ladha ya pamba ya godoro, lakini alikila, kwa sababu daktari alitaka aongeze nguvu. Akaenda mashine siku ya nyongeza kila wiki, wakamsafisha polepole ili presha isianguke, na Kamanda akahamishia kiti chake karibu na meza yake ili amuone vizuri.

Halafu yakaja meno. Daktari alisema hakuna mlango mpya unaowekwa kwenye moyo wakati kinywa kina jino bovu, maana wadudu wa jino hupita kwenye damu na kwenda kuushambulia. Alikuwa na magego mabovu aliyoyaficha miaka. Yakang'olewa. Alirudi karakanani shavu limefura, akakuta shemeji amekaa kwenye kochi la mteja, anakunywa chai.

"Shemeji," shemeji alisema akimkagua, "umekwenda kutengeneza moyo wamekung'oa meno. Ukienda kutengeneza mguu watakukata masikio?"

Alitaka kumtukana akashindwa, mdomo ulikuwa na ganzi. Akamrushia sponji. Wote wawili wakavunjika mbavu, mpaka yeye akalazimika kuinama na kushika meza, pumzi zimekata, na kicheko cha shemeji kikafa papo hapo.

"Kaa," shemeji alimwambia, sasa bila mzaha. "Kuanzia leo kuvuta ngozi ni kwangu. Wewe kata, pima, gomba. Ukigusa kona ya fremu namwambia kaka."

Mama Sponji alikaa. Kukaa kule kulimuuma kuliko meno.

Mgogoro mkubwa ulitoka kwa kaka yake mkubwa, aliyekuja kutoka mbali na begi dogo na msimamo mkubwa. Alikuwa mtu wa heshima, aliyesaidiana na baba yao kumlea, na alipoketi sebuleni watu walikunja miguu.

"Nimesikia mnataka kumpasua dada yangu," alianza, akimwelekea dereva.

"Mimi ndiye ninayetaka, kaka," Mama Sponji alisema.

"Sijafika kwako. Mtu ana figo mbovu, damu mbovu, sasa afunguliwe kifua kama sanduku? Wakimfunga na asipoamka, nani atajibu? Aachwe apumzike. Ale anachotaka. Miaka aliyopewa imtoshe."

Binti alianza kulia jikoni, kila mtu akamsikia. Dereva alikohoa. Hakuwa msemaji, na mbele ya shemejiye huyu ndio alikuwa bubu kabisa kwa miaka yote ya ndoa. Lakini safari hii alisema.

"Kaka, nakuheshimu. Ila mimi ndiye ninayelala naye. Yeye sasa analala amekaa. Akilala chini anakosa hewa. Hapumziki, anasubiri. Mimi siwezi kumwambia asubiri vizuri."

Kaka mkubwa alimtazama kama anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

Mama Sponji alisogeza kiti chake akakaribia magoti ya kaka yake. "Uliponitoa shule kwa kukosa ada, ulinitoa ukalia. Nilikuona. Nikakwambia usilie, nitapata kazi kwa mikono yangu. Nikapata. Sikukulaumu hata siku moja. Sasa na wewe usinilaumu. Nikifia mezani, nitakuwa nimefia njiani nikienda. Sitaki kufia kwenye kiti nikitazama mlango. Nipe baraka zako, kaka, au nyamaza, lakini usinikataze."

Kaka alisogeza begi lake ukutani. Baraka hakutoa. Alisema ataongeza siku za kukaa, akaomba aonyeshwe pa kulala.

Likabaki la kuchagua mlango wenyewe. Daktari aliweka miwili juu ya meza. Mmoja wa chuma, unaodumu miaka mingi, lakini unadai dawa ya kuzuia damu isigande maisha yote, na kwa mtu anayechomwa sindano nene mara tatu kwa wiki dawa hiyo ni hatari ya kutoka damu. Zaidi ya hapo, dawa yenyewe yaweza kuongeza chokaa. Wa pili umetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, hauhitaji dawa ile ya kudumu, lakini kwa watu wa figo nao huweza kukakamaa mapema.

Mama Sponji aliuchukua ule wa ng'ombe, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaukunja, akautazama mshono kwa karibu kama anayetaka kumkamata fundi kwa kosa. Mshono ulikuwa safi.

"Maisha yangu yote navisha makochi ya watu ngozi ya ng'ombe," alisema. "Nipe huu. Ukikakamaa, tutakuja kugombana tena hapahapa."

Siku ya kuamkia upasuaji alisafishwa damu mpaka mwisho, presha ikashika. Kamanda alimsukuma mwenyewe kwa kiti cha magurudumu hadi wodi ya upasuaji, akamwambia, "Mimi sitaki kiti chako kikae wazi, umenisikia?" akageuka haraka akaondoka.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Mlango wa zamani ulikuwa mgumu kiasi kwamba ilibidi utolewe vipandevipande, na daktari wa upasuaji alipotoka kuzungumza na familia alikuwa na alama za barakoa zimekata mashavuni. Alisema mlango mpya umekaa. Kisha akasema moyo wenyewe umegoma kushika mwendo wake, chokaa ilikuwa imeingia mpaka kwenye njia za umeme wa moyo, hivyo kwa sasa unaendeshwa na kifaa cha nje. Kaka mkubwa alikaa chini kwenye sakafu ya korido, mtu mzima yule, na shemeji akakaa naye, bega kwa bega, bila utani wowote.

Moyo haukuurudia mwendo wake wenyewe. Baada ya siku kadhaa walimpasua tena kidogo, chini ya mfupa wa bega la kulia, wakampandikiza kifaa cha kudumu cha kuukumbusha moyo kupiga. Alipata homa. Alipata kuweweseka, akimwita baba yake amletee misumari. Mashine ya kusafisha damu ililetwa kitandani, kwa sababu figo hazikujua kama mwenyewe yuko mahututi, na mara ya kwanza walipomuunganisha kila mtu alikuwa akikodolea namba za presha. Zilicheza kidogo. Zikatulia. Zikabaki pale mpaka mwisho wa zamu.

Alipopata fahamu sawasawa, neno la kwanza alilomwambia mumewe lilikuwa kwamba mto wa kitanda umejazwa ovyo.

Kusimama ilikuwa vita. Kifua kilikuwa kimeshonwa kwa waya, kila kikohozi kilikuwa adhabu, ikabidi akumbatie mto kila alipotaka kukohoa. Mtaalamu wa mazoezi alimtaka atembee mpaka dirishani, yeye akafika nusu, akarudi amekasirika na machozi yamemlengalenga. Kesho yake akafika dirishani. Siku nyingine hakuweza kabisa, akalala akiugeuzia ukuta uso, na dereva akakaa tu, mkono wake juu ya unyayo wa mkewe. Akaanza tena. Hakuimba wala kujisifu. Alishika ukingo wa kitanda, akavuta pumzi, akaenda.

Aliporudi nyumbani kaka mkubwa alikuwa bado yupo. Alikuwa amejifunza mpangilio wa vidonge kuliko binti. Siku ya kuondoka alimshika dada yake kichwa kwa mikono miwili, akasema yale maneno ambayo hakuyasema mwanzo, akapanda gari haraka kabla uso haujamharibikia.

Mama Sponji alirejea karakanani polepole. Kuvuta ngozi hakukurudi mikononi mwake; madaktari walikataa, na mwishowe naye alikubali, kwa kinyongo. Alikata, akapima, akagomba. Shemeji alivuta, naye akasimama nyuma akimwambia, "Kona hiyo imekunjamana, fungua." Akafungua. Kwenye mashine alimaliza zamu zake kamili, damu safi, miguu imenywea mpaka mifupa ya vifundo ikaonekana. Usiku alilala chali kama mtu mwingine yeyote. Vidonge vya kukamata fosfeti hakuviacha, kwa sababu mlango wa ng'ombe nao una adui yuleyule.

Alipoitwa kwa daktari wa moyo kuangaliwa, alilazwa ubavu, akapakwa kile kitu cha baridi, na kwenye kioo mlango ukaonekana ukifunguka na kufungika. Daktari aliridhika. Alimfuta kifua, akamwambia avae.

"Kwa hiyo moyo uko sawa?" Mama Sponji aliuliza akifunga vifungo.

"Kwa sasa uko vizuri sana."

"Basi niambie niende chumba gani kuulizia figo mpya."

Daktari aliacha kuandika. Dereva, kwenye stuli yake, akainua kichwa. Daktari akaanza kueleza kwa upole kwamba jambo hilo si dogo, kwamba umri upo, kifaa kipo, mishipa ina chokaa, kwamba kamati ya kupandikiza figo hukataa wengi.

"Sikuuliza kama watakubali," Mama Sponji alisema. "Niliuliza chumba."

Daktari akainuka, akafungua mlango wa korido, akanyoosha mkono. "Ghorofa ya juu. Upande wa kushoto, mlango wa mwisho. Leo wapo mpaka saa kumi. Lifti ni mbovu."

"Ngazi nitaziweza," alisema. Akamkabidhi mumewe mkoba, akashika kingo za ngazi, wakaanza kupanda, yeye mbele.